Wanawake wa Chumba cha Mfifio

Jumatatu, saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, mashine ya mahudhurio getini ilikataa kumwona Dada kwa mara ya tatu.

Alikuwa amesimama kama ilivyotakiwa, visigino kwenye mstari wa njano, kidevu juu, kilemba amekisogeza nyuma ya masikio. Mashine ikawasha taa yake ya bluu, ikafikiri kidogo, ikasema kwa sauti nzuri ya kike, "Uso haujaonekana. Tafadhali rudia." Foleni ilikuwa imefika kwenye kibanda cha mlinzi na watu walianza kuguna.

"Sogea karibu kidogo," mlinzi akamwambia.

"Nikisogea zaidi ya hapa nitaibusu."

"Basi pita, nitakuandika kwa mkono." Mlinzi akachukua kalamu iliyofungwa kwa uzi mezani. "Wewe ni wa nne leo. Wote wa chumba chenu."

Dada alishukuru, akapita. Lakini tangazo lililobandikwa juu ya mashine alikuwa amelisoma mara nyingi hadi akalijua kwa moyo: mfanyakazi ambaye mashine haitamwona kwa siku kumi za kazi mfululizo atahesabiwa kuwa ameacha kazi kwa hiari yake. Daftari la mlinzi halikutajwa popote. Alitembea hadi chumba cha kubadilishia nguo akihesabu vidoleni. Hiyo ilikuwa siku ya kwanza.

Kiwanda kizima kilimwita Dada, hata waliomzidi umri, kwa sababu mdogo wake alifanya kazi chumba cha pili na jina alilomwita yeye likawakaa wote mdomoni. Huyo mdogo mtu aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango wa uzazi kwa mama yao.

Kazi yao ilikuwa kupaka dawa vioo vya runinga na kompyuta. Katika chumba cha mng'ao, alikokuwa Kitinda, kioo kilipakwa dawa nzito kikasuguliwa hadi kikawa kama maji yaliyotulia. Runinga ya kioo hicho ina rangi zilizoiva, nyeusi yake ni nyeusi kweli, na ukiizima unajiona humo ndani umekaa kwenye kochi. Katika chumba cha mfifio, kioo kilipuliziwa dawa nyepesi kama ukungu, ikakauka na kuacha vijipele ambavyo jicho haliwezi kuviona. Mwanga ukigonga hapo hutawanyika, haurudi. Rangi hupoa kidogo, kama zimepakwa poda, lakini mtu anaweza kukaa mchana kutwa na dirisha mgongoni mwake asilione dirisha wala asijione mwenyewe. Wenye maofisi huvipenda vya namna hiyo.

Wanawake wa mfifio walikuwa kumi na moja, na walipuliza kwa bomba za mkono. Feni ya kunyonya hewa iliharibika mwaka juzi. Barakoa zilikuwa zimeagizwa. Nyapara, mwanaume mpole ambaye hakukosa kitambaa cha jasho shingoni, alisema hivyo kila walipomuuliza, na hakuwa anadanganya: fomu ya kuagizia ilikuwa ukutani, imebandikwa kwa gundi, nayo ilishaanza kufifia. Dawa ilinuka ndimu. Ilikaa kwenye nyusi na kwenye mikunjo ya viwiko, na jioni haikutoka kwa sabuni wala kwa jivu.

Kwa hiyo hakuna aliyeuliza sababu ya mashine kutowaona. Mwanga uliwafikia wanawake wa mfifio, ukatawanyika juu yao, na haukurudi kwenye jicho la mtu.

Nyumbani, aliyegundua kwanza alikuwa mume wa Dada, fundi cherehani aliyeshonea barazani. Kazi yake ilikuwa kutazama miili ya watu, na miezi miwili kabla ya hiyo Jumatatu alimwambia mkewe kwamba kuna sehemu jicho lake linateleza. Akachukua futi ya kitambaa, akampima. Bega lilikuwa lilelile, kiuno kilekile. "Upo wote," akasema, akaandika vipimo nyuma ya kalenda ili asiwe na wasiwasi.

Wasiwasi haukuondoka. Akamshonea gauni la rangi ya chungwa lililomwumiza jicho hata yeye mwenyewe alipolipitisha kwenye cherehani. Dada alilivaa asubuhi. Saa sita mchana lilikuwa na rangi ya majivu, na aliporudi jioni halikuwa na rangi yoyote. Fundi alilipokea, akalipapasa, akalikunja vizuri.

"Kitambaa hakina kosa," alisema.

"Najua."

"Ni bora niseme tu, usije ukadhani nilinunua kitambaa cha ovyo."

Walikuwa na binti mmoja wa miaka mitatu na nusu, ambaye kwa maneno yake ya kikubwa baba yake alimwita Bibi. Jumatano ya wiki ile, wakati jua bado liko kwenye mabati, Bibi alilia akimtafuta mama yake. Alilia kwa muda mrefu, akaangalia mlangoni, akaangalia jikoni, akamwita kwa sauti inayokatika. Alikuwa amekaa mapajani mwa mama yake.

"Nipo hapa, mama," Dada alimwambia. "Nipo hapa."

Mtoto alinyamaza, akageuza shingo kuelekea sauti, akatazama mahali ambapo uso wa mama yake ulipaswa kuwa. Halafu akaendelea kulia, taratibu zaidi, kama mtu aliyeambiwa asubiri.

Tangu siku hiyo Dada hakulala vizuri. Njiani alitembea akigusa kuta. Barabara alivuka tu akiwa bega kwa bega na mtu mwingine, na asipopatikana mtu alisubiri, hata dakika ishirini. Dukani aliweka mkate juu ya kaunta, na muuzaji akaupokea kwa heshima akaurudisha rafuni. Alizoea kuimba kwa sauti ya chini kila anapotembea ili watu wasimgonge, na watu wakapisha sauti bila kuangalia nyuma.

Jumamosi alikwenda kwenye duka la vifaa vya umeme. Alitaka kujua jambo moja. Ukutani zilikuwa runinga mbili za ukubwa mmoja, moja ya mng'ao na moja ya mfifio, na mume na mke walikuwa wakizilinganisha. Dada alisimama nyuma yao, akatazama ile ya mng'ao iliyokuwa imezimwa. Aliwaona mume na mke, akaona mlango wa duka, akaona gari limeegeshwa nje. Kati ya yule mke na mlango, mahali alipokuwa amesimama yeye, aliona mlango.

"Hii inayong'aa ni nzuri kama sebule yenu ina giza," muuzaji alikuwa akieleza. "Lakini kama mna madirisha, mtakuwa mnajitazama wenyewe. Chukueni hii nyingine. Haichoshi."

Mwanamke alipitisha kidole kwenye kioo. "Laini kama ngozi ya mtoto. Wanafanyaje?"

"Mitambo," muuzaji akajibu.

Dada alitaka kusema kitu, akaona aibu kuwashtua watu wanaonunua. Akatoka akiimba.

Kwa upande wake, Kitinda alikuwa na shida ya aina nyingine. Dawa ya mng'ao ilikuwa imemwingia naye, na kila aliyemtazama usoni alijiona mwenyewe. Watu walimpenda sana. Majirani walisimama kuzungumza naye wakiweka kola sawa. Mama mwenye nyumba alimweleza matatizo yake yote, akamsifu kuwa ana uso wa mtu mwelewa. Alikuwa na mchumba, kinyozi, mtu mwema aliyezoea vioo, ambaye kila Ijumaa alikaa mbele yake saa nzima akaondoka ameridhika. Siku moja Kitinda alilia mbele yake. Kinyozi aliyatazama machozi yale kwa mshangao wa taratibu, akajipapasa mashavu, na kesho yake akaenda zahanati kuulizia kama kuna ugonjwa unaomtoa mtu machozi bila yeye kujua.

Ni Kitinda aliyeandika barua kwa ofisi ya ukaguzi wa viwanda. Aliandika kurasa mbili kwa mwandiko wa shule, akataja feni, barakoa, ngozi zao, na mashine ya getini. Aliisoma kwa sauti mbele ya dada yake, na Dada akamwomba aondoe neno "tafadhali" mahali pawili, kwani yalikuwa matano.

Mkaguzi alikuja Alhamisi ya wiki ya pili. Kwa hesabu ya vidole vya Dada, ilikuwa siku ya tisa.

Tangu alfajiri alikuwa amepanga maneno: kwanza feni, pili barakoa, tatu mtoto. Wenzake walikubaliana azungumze yeye. Walimsikia mkaguzi akiingia chumba cha mng'ao, mlango wa pili, na wakazima bomba ili wasikilize.

Mle ndani mkaguzi alisimama mbele ya Kitinda. Alikuwa mzee wa makamo mwenye tai ya kahawia na ubao wa kuandikia. Alimtazama Kitinda usoni, akanyoosha tai. Akaona mifuko chini ya macho yake na akakumbuka kwamba amebakiza miaka minne astaafu.

"Mheshimiwa, tuangalie nyuso zetu," Kitinda alisema.

"Naona," mkaguzi akajibu kwa huzuni. "Miaka inakwenda." Akaandika kwamba wafanyakazi ni nadhifu.

Alipoingia chumba cha mfifio, nyapara akiwa nyuma yake, Dada aliwanong'oneza wenzake waendelee na kazi ili mkaguzi aone jinsi dawa inavyotanda. Bomba kumi na moja zikanyanyuka, zikaanza kupuliza. Mkaguzi alisimama akizitazama zikienda na kurudi hewani.

"Hapa mmeshaweka mtambo?" aliuliza.

Nyapara alifungua mdomo. Alikuwa anawajua wote kumi na moja. Alikuwa amekula kwenye harusi ya Dada, na mkewe na Dada walijifungua wiki moja katika wodi moja. Alijifuta shingo kwa kitambaa.

"Ndiyo," akasema. "Ni wa kisasa."

"Si mtambo, mheshimiwa," Dada alisema. "Ni sisi. Tupo kumi na moja."

Bomba zikasimama. Mkaguzi aliinamisha kichwa upande, akasikiliza, kisha akageukia upande uliotoka sauti. Hakushtuka. Alikuwa amekagua viwanda kwa miaka ishirini na sita.

"Kumi na moja," akarudia.

"Ndiyo. Feni haifanyi kazi mwaka wa pili huu. Barakoa hatujapewa. Nina mtoto wa miaka mitatu na nusu, hanioni."

"Sauti nimeisikia vizuri kabisa, mama," mkaguzi alisema, na alisema kwa adabu. "Ila tatizo ni fomu. Hapa inauliza idadi ya wafanyakazi walioonekana wakati wa ukaguzi. Kuna kisanduku cha walioonekana. Cha waliosikika hakuna."

"Basi kitengenezeni."

"Fomu zinatoka makao makuu."

Dada aliweka bomba chini, akamwendea. Maneno aliyoyapanga yalikuwa yamemtoka yote. Akauchukua mkono wa mkaguzi wenye kalamu, akauweka kwenye kifundo cha mkono wake, pale mshipa unapogonga. Mkaguzi hakuutoa. Alitulia akihesabu kimya kimya kwa midomo, kama daktari, karibu dakika nzima.

"Unakwenda mbio sana," akasema.

"Naogopa."

"Pole, mama." Akautoa mkono wake taratibu, akaangalia kidole gumba kilichobaki na ukungu mweupe wa dawa, akakifuta kwenye suruali. Kidole hakikurudi kuonekana sawasawa. Halafu akaandika sifuri, akaizungushia duara ili isisomeke kama herufi, akamkabidhi nyapara ubao atie sahihi.

Ripoti ilirudi baada ya wiki mbili. Ilisema kuwa kwa vile chumba cha mfifio hakina watu, hakihitaji feni wala barakoa, na feni mbovu iliyopo iondolewe isije ikamwangukia mtu. Mafundi walikuja na ngazi, wakaishusha. Tundu lake wakalifunika kwa ubao. Mashine ya getini nayo ilikuwa imekamilisha siku zake kumi, na wanawake kumi na moja wakatoka kwenye orodha ya wafanyakazi kwa hiari yao.

Nyapara aliwaita nje, chini ya dirisha la chumba. Aliongea akitazama ukuta.

"Kazi ipo, na malipo yatakuja kama kawaida, hilo nimelipigania. Ila kwenye karatasi mtaitwa Mtambo Namba Mbili."

"Na mtu akiumwa?" aliuliza mmoja wao.

"Mtambo hauumwi. Unaharibika."

"Ukiharibika?"

"Kuna utaratibu wake."

Dada alifikiria kuacha kweli. Alikuwa amelifikiria hilo tangu siku ile dukani. Lakini ni nani angempa kazi mtu asiyeonekana, na cherehani ya mumewe peke yake ilikuwa haitoshi nyumba nzima. Aliangalia viatu vya nyapara, vimelowa umande, na akaona kuwa alikuwa amesimama kwa ncha za vidole, kama mtu anayetaka kukimbia.

"Tutakuja kesho," akasema.

Jumapili iliyofuata Kitinda alikuja kufua kwao. Walikaa uani, beseni katikati. Kitinda alikuwa ameomba ahamishiwe chumba cha mfifio, kwa hesabu kwamba dawa mbili zitauana. Walimkatalia, kwa sababu wageni wakitembelea kiwanda wanafurahia sana kupita chumba cha mng'ao. Kinyozi alikuwa ameshapanga siku ya harusi.

"Ananipenda," Kitinda alisema. "Hilo sina shaka nalo. Ananisikiliza. Sema akinijibu ni kama anajijibu yeye."

Dada aliinua macho kutoka kwenye beseni amtazame. Na kwa kuwa hakuna mwanga uliotoka kwake kwenda kwa mtu, hakuna picha yake iliyojitokeza kwenye uso wa mdogo wake. Akamwona Kitinda. Aliona nyusi zilizokaribia kukutana, aliona kovu la tetekuwanga kwenye pua, aliona kuwa amekonda.

"Umeanza mvi," Dada akasema. "Hapa, juu ya sikio."

Kitinda aliacha kusugua. Mikono yake ilibaki ndani ya povu. "Nyingi?"

"Tatu. Nne. Na hulali."

"Silali," Kitinda akakubali. Akasogeza kigoda karibu. "Endelea kuniangalia kidogo."

Wakakaa hivyo hadi maji yakapoa, nguo zikachelewa kukauka, na Jumatatu fundi akavaa shati bichi.

Nyumbani mambo yalichukua mkondo wake. Bibi aliacha kulia. Haikujulikana ni siku gani hasa, ila wageni ndio waliogundua, kwa sababu alianza kuwaonya. "Usikae hapo, mama amekaa," alisema, na mgeni akainuka, akaomba radhi kwa kiti, akachukua kingine. Alijifunza kupanda mapajani mwa mama yake kwa kupapasa, akaanza kumchana nywele kila jioni, kwa makini, akizungumza naye mambo ya siku nzima. Majirani waliomwona akichana hewa waliona ni mtoto mwenye subira.

Dada ndiye aliyebaki na hofu. Picha zao za harusi zilikuwa zimemtoa kidogo kidogo, hata picha nyingine alizopiga kabla hajaajiriwa, na sasa bwana harusi alisimama peke yake amekunja mkono kama aliyebeba kikapu. Jioni moja, fundi akiwa anamalizia pindo la sketi, Dada alimuuliza.

"Unaukumbuka uso wangu?"

"Naukumbuka."

"Niambie."

Fundi alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Aliueleza uso wa mkewe bila haraka, kama anavyoeleza mshono: paji pana, macho yaliyokaa ndani, jino moja lililopanda lingine, linaloonekana anapocheka. Alisema shavu la kushoto lina alama nyeusi ndogo, kama kichwa cha pini.

Alama ile ilikuwa shavu la kulia. Dada alipeleka vidole, akaigusa. Alingoja aone kama mumewe atajisahihisha, lakini yeye aliendelea na kidevu.

"Hivyo hivyo," Dada akasema.

"Unaona," fundi akajibu, akarudi kwenye pindo.

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi fundi mitambo alikuja kuhudumia Mtambo Namba Mbili, kwa kuwa utaratibu ulitaka hivyo. Alikuwa mtu wa mazungumzo, mwenye kopo la mafuta na tochi. Alibisha hodi kabla ya kuingia, wakamkaribisha, akawauliza za nyumbani. Hakuwa na la kufunga wala la kufungua. Alipaka mafuta bawaba za mlango kwa kuwa kopo lilipaswa kurudi limepungua.

Mwezi wa tatu aliuliza kama kawaida, "Kuna kinachopiga kelele?"

"Kifua cha huyu hapa wa mwisho," Dada alisema. "Wiki tatu sasa. Na mimi mwenyewe tangu juzi."

Fundi mitambo alikwenda hadi mwisho wa chumba, akapiga goti, akatega sikio hewani. Wanawake wote wakashusha bomba. Yule wa mwisho akavuta pumzi, na ikasikika ikikwaruza, ikakwama, ikatoka.

"Pumua tena, mama."

Akapumua tena. Kisha Dada naye akapumua, kwa kuwa aliombwa. Fundi mitambo alisikiliza kwa umakini mkubwa, macho ameyafumba. Akainuka, akajipangusa goti, akafungua karatasi yake dirishani kwenye mwanga mzuri, akaandika: kelele kidogo upande wa kushoto, ni ya kawaida, mtambo unafaa kuendelea.

"Mwezi ujao nitasikiliza tena," akawaahidi.

Wakamshukuru. Alipofunga mlango haukulia hata kidogo, na bomba kumi na moja zikanyanyuka.